Katikati ya Kifua

Kwa mara ya nne fundi aliweka mikono yake tumboni mwa mwanasesere.

"Panda juu kidogo," muuguzi alimwambia. "Katikati ya kifua. Hapo ulipo ni tumbo."

Wenzake wa karakana ya mageti wakacheka. Mwanasesere huyo wa mazoezi hakuwa na miguu wala mikono, na tangu asubuhi walikuwa wameshambatiza Bibi Kiwiliwili.

"Muonee huruma bibi wa watu," alisema mchomeleaji waliyemzoea kwa jina la Tindo. "Ndiyo kwanza ametoka kunywa chai."

Fundi hakucheka. Wenzake wakakumbuka msiba wake, wakaacha utani.

Mwenye karakana ndiye aliyemwita muuguzi awafundishe huduma ya kwanza, baada ya Tindo kuungua mkono na mwenzake kukimbilia kumpaka dawa ya meno. Kwa hiyo saa nzima ya mwanzo ilikwenda kwenye kuungua. Maji ya bomba yatiririke juu ya jeraha dakika ishirini. Dawa ya meno ibaki kuwa ya meno. Ikafuata damu: bana kidonda kwa kitambaa safi, usifunuefunue kuchungulia. Muda wote huo fundi alikaa kama mtu anayesubiri jina lake liitwe. Ilipofika zamu ya moyo uliosimama, alisogeza kiti chake mbele kabisa.

Wenzake walipotoka kwenda kunywa chai, yeye alibaki amepiga magoti.

"Dada," alisema, "mtu akikandamiza hapa tumboni, lakini kwa nguvu zake zote, bila kupumzika, mpaka gari la wagonjwa lifike. Hakuna msaada?"

"Hapo anasukuma matumbo tu, kaka. Damu haifiki kichwani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo." Muuguzi akaacha kupanga bandeji zake. "Ilikuwa nani?"

"Mke wangu. Alianguka jikoni, mchana, akiosha vyombo. Miezi minne sasa. Gari lilichukua dakika kumi na saba."

Muuguzi aliitazama ile mikono mipana, yenye makovu ya cheche hadi kwenye viwiko. "Usijilaumu," alisema taratibu. "Hukuwa umefundishwa."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Angekandamizwa mahali pake, angepona?"

Muuguzi alikuwa na miaka ishirini wodini. Alijua maneno ya kuwapoza wafiwa, na alijua pia kwamba huyu hakuja kutafuta hayo.

"Pengine," alisema. "Si wote. Lakini wapo wanaopona."

"Asante kwa kuniambia kweli." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Sasa nifundishe vizuri."

Akafundishwa. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyooka. Kina cha sentimita tano na ushee, kisha uache kifua kiinuke chenyewe. Mara mia na zaidi kwa dakika. Alikandamiza mpaka shati likamganda mgongoni. Wenzake waliporudi hakuna aliyetania. Tindo alimshika bega, akasema, "Pumzika, ndugu yangu, nikupokee." Fundi ni kama hakumsikia.

Saa tisa walifanyiwa jaribio, mmoja mmoja. Muuguzi alisema mbele ya wote kwamba hajapata kuona mwanafunzi wa siku moja akikandamiza sawasawa namna ile. Wenzake wakampigia makofi. Alipokea cheti chake kwa mikono miwili, akashukuru, akaomba ruhusa ya kuwahi nyumbani.

Dada yake, aliyekuja kukaa nao tangu mazishi, alimpokea mlangoni. "Mtoto hajala leo tena," alimnong'oneza. "Mwalimu wake anasema darasani haongei na mtu. Nimembembeleza mpaka nimechoka."

Binti yake wa miaka kumi na mmoja alikuwa sebuleni, amekaa sakafuni, magoti kifuani.

"Baba, ulikwenda kwa muuguzi?"

"Nilikwenda."

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza. Amenifundisha yote."

Mtoto akamtazama kwa muda mrefu, kama anayepima kama aendelee au aache. "Lala chini," alisema mwishowe.

Fundi alivua viatu, akalala chali kwenye mkeka na nguo zake za kazi. Shangazi mtu akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Mtoto akapiga magoti kando ya baba yake, akapandanisha viganja vyake na kuvishusha.

"Siku ile nilikuwa peke yangu na mama," alisema. "Nilimkandamiza hapa. Sikupumzika, baba, mpaka wale watu wa gari wakanitoa. Ni hapa?"

Vile viganja vidogo vilikuwa vimetua juu kidogo ya kitovu chake.

"Hapo hapo, mwanangu," fundi alisema. "Ndipo tulipofundishwa."