Nungunungu na Swali la Shimo

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, Korongo aliyekimbia ukame alimfikisha kinda wake mwenye homa kwenye zahanati ya Nungunungu, mshika kanuni.

"Shimo lako liko wapi?" aliuliza Nungunungu, daftari mkononi.

"Sina, dada. Mimi ni ndege."

"Asiye na shimo hatibiwi."

Alasiri mvua ikajaza shimo la Nungunungu mwenyewe. Akarudi zahanatini akitetemeka, akamkuta Kobe, msaidizi wake.

"Shimo lako liko wapi, bibi mkubwa?"

"Kobe, si unanijua?"

"Wewe nakujua. Shimo ndilo silioni."

Korongo, aliyekuwa bado barazani, akacheka. "Sogea, dada, nikufunike bawa."

Asubuhi yake Nungunungu alifuta swali lile, akaandika, "Unaumwa wapi?" Kisha akamwita kinda kwanza.