Injini Iliyozimwa

Mwanakuu alikuwa amechoka kusimama. Manyunyu ya Julai yalikuwa yameshalowesha buibui lake, na mumewe bado alikuwa akiitazama ile injini kuukuu ya gari la moshi.

Mumewe aliitilia makaa kwa miaka thelathini. Sasa ilikuwa imepakwa rangi mpya na kuwekwa stesheni itazamwe na watu. Yeye aliambiwa aende nyumbani.

“Twende zetu, bwana. Kifua chako hakitaki baridi.”

Mzee alinyoosha kiganja, akakiweka kwenye tumbo la injini.

“Utaungua!” alimaka Mwanakuu, aliyemganga majeraha ya moto miaka yote hiyo.

Mumewe aliuacha mkono pale pale. Kisha akarudi, akamshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kiganja kilikuwa baridi kama maji ya mtungi.