Sahani ya Bi Zuwena

Katika mtaa wetu mpya, ukimlalamikia jirani ofisini, ukuta mnaochangia unageuka kioo kwa upande wako, umtazame mpaka upate ushahidi. Yeye kwake anaona chokaa tu, wala haambiwi.

Mimi nilimlalamikia Bi Zuwena kwa sababu ya kinu chake. Alikuwa anatwanga kisamvu alfajiri, vikombe vyangu vinacheza kabatini. Tangu hapo hatwangi tena. Anakaa kwenye kiti akiuelekea ukuta wetu, anachambua mchele, na mara kwa mara anainua macho. Nikajiambia anatazama chokaa yake.

Leo mchana akabisha hodi na sahani ya visheti.

"Karibu visheti, mwanangu. Majirani tusisahauliane."

Nikashuku. Mtu niliyemsema ananiletea visheti vya nini? Lakini sahani ya mtu hairudishwi tupu, kwa hiyo nikamwambia, "Ahsante, Bi Zuwena. Kesho nitapika maandazi, sahani yako ije na kitu."

"Usijisumbue," akasema kwa upole. "Unga si umekuishia? Ilete hivyo hivyo."

Akaenda zake. Unga umeisha kweli, ila sijamwambia mtu, hata mume wangu. Nilikung'uta kopo peke yangu, hapa jikoni kwenye ukuta wa kioo, mlango umefungwa.

Sasa nimekaa mezani, sahani iko mbele yangu. Kule kwenye kioo, Bi Zuwena amesogeza kiti karibu na ukuta. Kuvitupa siwezi. Nang'ata kimoja, natabasamu.

Naye anaitikia kwa kichwa.