Sauti Juu ya Kiota cha Kanga

Msinibishie, nilikuwepo, tena nilikaa mbele kabisa. Kanga, wale ndege wa madoadoa, hutaga wote kiota kimoja, na siku hiyo walikuta mayai yameliwa. Wakamkamata Nguchiro, mgeni wao, wamtoboe macho.

Kwao shauri huanza kwa kila mtu kusema anachokumbuka.

"Babu yake alikula mayai yetu," akasema mmoja.

"Na mama yake pia!" akadakia mwingine.

"Jamani, mimi nala panzi," Nguchiro akalia. "Mbona Mzee Kororo juzi mlimkuta na ute wa yai mdomoni?"

"Mzee wetu? Koma we! Siku ile alikuwa na mafua."

Hapo Kasuku, aliyekuwa mtini, akafumbua mdomo. Ikatoka sauti ya marehemu mama yake Kororo, ileile ya kukwaruza: "Kororo mwanangu, umeanza tena kula mayai ya wenzio?"

Manyoya yakawasimama. Kororo akaanguka chali. Baraza likavunjika bila hukumu, na Nguchiro akalala akijua kesho ataachiwa.

Asubuhi wakarudi. "Jana tulisikia wenyewe," wakasema, "mzimu wa mama yake Nguchiro ukimkanya mwanawe." Wakaapa, wala hawakusema uongo, ndivyo walivyokumbuka. Wakamtoboa macho, Kororo akitangulia.

Yote haya ni kweli tupu, ila Kasuku nimemtia mimi. Sauti niliisikia, lakini mtini hapakuwa na kitu.