Tisini na Moja

"Tisini na moja," daktari alisema, akakigeuza cheti cha maabara kana kwamba kosa limejificha upande wa pili. "Tulianza na kumi na mbili, ikaja thelathini na nane. Mama, dawa unameza kweli?"

"Nameza," mama alijibu kwa sauti nzito, kama mtu anayezungumza chini ya blanketi.

"Namwekea vidonge mkononi mimi mwenyewe," alidakia binti yake, mwalimu wa shule ya msingi. "Kila alfajiri, na maji nampa."

"Basi sielewi." Daktari alichora maduara mawili kwenye karatasi. "Huu ubongo, hii tezi ya shingo. TSH, hii tunayopima, ni kelele tu, ubongo unaipigia tezi: amka, fanya kazi! Tezi ikilegea, kelele zinapanda. Kwa kawaida hazivuki nne. Mtu akimeza homoni, ubongo unatulia. Kwa mama hautulii."

Akaongeza dozi. Walikuwa wametoka kidonge kimoja wakafika viwili, sasa vitatu. "Vikikolea, baridi itakuachia, mama. Uso utashuka uvimbe, hata mwili utapungua," alisema, kama alivyosema kila walipokuja.

Njiani kaka mtu, aliyekuwa akiendesha gari, hakumung'unya maneno.

"Unamuua mama. Tangu uchumba uvunjike, akili yako haipo nyumbani."

Uchumba ulikuwa umevunjwa sebuleni kwao, mama akiwa amekaa pale pale. Shangazi wa mchumba alitamka bila haya kwamba nyumba yao haina mlango wa kumpitisha msichana mnene kiasi kile. Mwalimu alilia wiki nzima, kisha akajifuta machozi akarudi kazini. Mama hakulia. Hakulizungumzia tena.

Sasa hata hayo mwalimu hakuwa na nafasi ya kuyawaza. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amekaa. Chaki ilimtetemeka mkononi. Mama alijikunyata ndani ya masweta mawili, yeye akilowa jasho. Sketi zake alizifunga kwa pini. "Kuuguza kunammaliza," walinong'ona walimu wenzake.

Akazidisha uangalizi. Alfajiri alimwekea mama vidonge vitatu kiganjani, akasimama kumtazama akivitupia mdomoni na kushushia maji, ndipo akaenda kuoga. Akitoka bafuni, alikuta chai yake mezani, imeshakorogwa sukari. Mama hakukatazika. Alijiburuza hadi jikoni akijishika ukutani, hatua moja, pumzi tatu.

"Mama, pumzika. Chai nitapika mwenyewe."

"Niache nikutunze, mwanangu. Mikono bado ninayo."

Mwalimu aliinywa yote, hadi machicha, ili kumfurahisha.

Wiki ya saba tangu dozi iongezwe, alianguka darasani, sentensi ikiwa nusu ubaoni. Alipozinduka alikuwa na nyaya kifuani, na mashine kando yake ikihesabu mapigo mia na sabini kwa dakika. Kaka yake alikuwa amemleta mama kwa kiti cha magurudumu. Kope zilikuwa zimemvimba hata macho hayakufunguka vizuri. Daktari yule yule aliingia na cheti, safari hii kimeandikwa jina la binti.

"TSH yako ni sifuri," alisema polepole. "Ubongo umenyamaza kabisa, maana homoni ya tezi damuni imepita kiasi ambacho mashine yetu inaweza kupima. Lakini tezi yako haina ugonjwa. Imelala, haitengenezi kitu. Homoni hii imeingia kwa mdomo."

"Dawa ya mama," kaka mtu alisema. Alimtazama dada yake kama mtu aliyemfumania mwizi. "Ulikuwa unakula dawa ya mama ili ukonde?"

"Wallahi sijawahi..."

"Mwache," mama alisema. Maneno yalimtoka moja moja, kwa taabu. "Vidonge mimi naviweka shavuni, akienda kuoga naviponda kwenye chai yake." Akamgeukia daktari. "Tafadhali, usimlaze siku nyingi. Jumamosi wanakuja watu wengine kumposa."