Mlango wa Upande wa Mwanakombo

Kila asubuhi gari la Mzee Kiloko lilikutwa betri imekufa. Binti yake, Hadiya, alikuwa amechoka.

"Baba, leo usipoona ubovu, nawaita wanunua vyuma chakavu."

Mzee akachomoa waya mmoja wa betri na kuunganisha balbu ndogo hapo katikati. Ikawaka, maana yake kuna kitu kinanyonya umeme. Akang'oa fyuzi moja moja, na alipong'oa ya taa ya ndani, balbu ikazimika. Akairudisha, akafunua turubai lililofunika madirisha ya gari. Taa ilikuwa ikiwaka juu ya kiti cha marehemu mkewe, Mwanakombo, kiti anachokipangusa vumbi kila jioni.

"Mlango haujakaa," alisema Hadiya. "Unaufunga kama unamfunika mtoto aliyelala."

"Mama yako aliubamiza mpaka kuku wa mtaa mzima wakataga kabla ya siku zao. Nikimwambia taratibu, ndiyo anaongeza."

"Basi ubamize wewe, baba."

Mzee akaufungua wote, akaushika kwa mikono miwili, akafumba macho, akaubamiza. Ng'ambo ya ua, jirani aliyekuwa akifua akaacha kusugua, povu likimtiririka viwikoni.