Uzito wa Karavani

Hiske alipanda kwenye mizani ya bafuni akiwa amekumbatia cherehani yake. Akasoma namba, akashuka, akapanda tena mikono mitupu.

"Kumi na moja," alisema. "Andika."

Mumewe, Wiebe, akaandika kwenye daftari: Cherehani, kilo kumi na moja. "Na hii tunaipeleka wapi?"

"Kwa Baukje. Dada ana chumba kizima hakina mtu."

Wiebe akaongeza: kwa Baukje.

Karavani mpya ilikuwa mbele ya nyumba, nyeupe pepepe, ikisubiri safari yake ya kwanza. Nyumba ya kuvutwa, jamani, ina tabu zake. Gari lina kiwango cha mzigo, na ukikizidisha, ama faini ama mtaroni. Hata kijiko kinapimwa.

Enzi za kombi hawakuyajua hayo. Lile lilikuwa gari la muuza maua kabla Wiebe hajalitoboa madirisha na kulitia kitanda na jiko kwa mikono yake mwenyewe. Miaka tisa walizunguka nalo. Ukimgusa tu kuhusu kombi, umeyataka mwenyewe: halina ndoana ya kuvutia, halina mkia wa kuburuta, na mvua ikinyesha unatoka kwenye usukani hadi kitandani bila kulowa.

Hiske ndiye aliyelikataa. "Karavani unaikita, unafungua ndoana, gari linaenda zake," alisema siku moja ya Januari. "Mmoja anabaki, mwingine anatoka. Kwenye kombi, akitoka mmoja wametoka wote."

"Utoke uende wapi, mke wangu?" Wiebe alicheka.

Hiske hakucheka, na Wiebe aliliuza kombi wiki ileile. Angeuza hata figo. Maana tangu Oktoba Hiske alikuwa akienda mjini kila Alhamisi, akirudi kimya, macho mekundu, bahasha kaificha mkobani. Ni daktari huyo, Wiebe alijiambia. Ni ugonjwa mbaya, na hataki kunitia hofu. Hakumuuliza. Watu wa kwao hawachokonoani, mtu atasema akiwa tayari. Lakini moyo ulimuuma kama jino bovu. Miaka thelathini na minne na mke yuleyule, leo amwache aondoke duniani kabla hajampa alichotaka? Kama ni karavani, basi na iwe karavani.

Hiske aliendelea kupima. Kiti chake cha kukunja. Mabuti yake ya mvua. Mwishowe akaleta kikombe chake chenye ndege wa buluu.

"Aa, kikombe kiache bwana!" Wiebe alisema. "Bora nitoe spana zangu."

"Spana zako utazihitaji, mzee."

Wiebe aliaga kwamba anakwenda gereji kutafuta kamba. Alisimama humo gizani akilia, maana anayejua safari yake imekaribia huanza kugawa vitu vyake. Alipotoka alikuwa ameshika kamba kweli.

Siku ya kuondoka walipita kwenye mizani ya malori, gari na karavani pamoja, wao wenyewe wakiwa ndani. Walikuwa wamezidi kwa kilo sitini.

"Sitini ni nini bwana," Wiebe alisema. "Tutakwenda mdogomdogo."

Hiske aliitazama ile namba mpaka mwenye mizani akawaashiria waondoke.

Kambini, katika msitu wa Drenthe, Hiske alishuka akasimama nyuma, akamwongoza mumewe kwa mikono: kushoto, bado, bado, simama. Karavani ikaingia mahali pake kwa mara moja. Jirani yao, mzee mmoja aitwaye Durk, akapiga makofi mlangoni pa kombi lake.

"Jirani, umeoa! Wengine hapa wakirudisha karavani nyuma, wanamaliza na talaka!"

Hiske aliangua kicheko, akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakimtoka. Wiebe hakuwa amekisikia kicheko kile tangu Oktoba. Alimshukuru Mungu kwa karavani, yeye aliyezitukana karavani miaka tisa.

Asubuhi Hiske alimwonyesha mumewe droo ya vidonge vyake vya presha na supu alizomgandishia. Kisha akafungua ndoana, akambusu kwenye paji la uso.

"Nafuata mkate," akasema, na gari likaondoka.

Saa nne na nusu, wakati wa kahawa, alikuwa hajarudi. Simu yake haikupokelewa.

"Kufuata mkate na gari?" Durk alishangaa. "Mkate si unauzwa pale getini!"

Wiebe akakaa kwenye ngazi ya karavani. Akilini alimwona Hiske kaanguka njiani, peke yake, kati ya watu wasiomjua.

"Ni mgonjwa," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. "Mke wangu ni mgonjwa sana, Durk. Mimi najua. Hataki tu kuniambia."

"Loo! Pole, jirani yangu. Pole sana." Durk alimshika bega. "Basi tupige simu hospitali. Lete karatasi nikuandikie namba."

Wiebe aliingia ndani. Akavuta droo, akatoa lile daftari la uzito, akalifungua kwenye ukurasa wa mwisho.

Cherehani, kilo kumi na moja, kwa Baukje.

Kiti cha kukunja, kilo nne, kwa Baukje.

Mabuti ya mvua, kilo mbili, kwa Baukje.

Kikombe, robo kilo, kwa Baukje.

Na chini yake, kwa mwandiko usio wake:

Hiske, kilo sitini, kwa Baukje.